Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuanza kutazama anga la usiku kwa darubini ya nyumbani

Karibu kila anayepata darubini yake ya kwanza huuliza maswali haya. Majibu ni kwa anayeanza kabisa, mwenye darubini ndogo au ya kati isiyoongozwa na kompyuta. Pale ambapo wengi hukwama nimerefusha makusudi.

Lazima niwe na darubini ndiyo nianze?

Hapana. Anza na macho. Jifunze kwanza nyota angavu kumi hivi na makundinyota machache yanayoonekana ulipo: Jabari na nyota zake tatu zilizojipanga mstari mmoja, Kilimia, Nge, na Salibu ukiwa upande wa kusini au Dubu Mkubwa ukiwa kaskazini. Darubini huonyesha kipande kidogo mno cha anga kwa wakati mmoja, kwa hiyo asiyejua Jabari iko wapi hataipata nebula (wingu la gesi na vumbi) iliyomo ndani yake, hata akiwa na chombo cha bei kubwa. Programu ya Stellarium ni ya bure na itakuonyesha anga la mahali ulipo kwa saa unayotaka.

Hatua inayofuata ni darubini ya mkononi, ile ya macho mawili. Ikiandikwa 10x50, maana yake inakuza mara 10 na kila lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 50. Egemeza viwiko ukutani na utaona miezi ya Mshtarii kama vitone pembeni mwa sayari. Kilimia nayo hupendeza zaidi humo kuliko ndani ya darubini kubwa, kwa kuwa limetanuka sana na darubini kubwa hulikata vipande.

Nikiamua kununua, niangalie nini?

Kipenyo, yaani upana wa lenzi ya mbele, au wa kioo kikuu kama darubini ni ya vioo. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya nuru. Kukuza ni kazi ya pili. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi takriban milimita 7. Kioo cha milimita 200 hukusanya nuru zaidi ya mara 800 ya ile inayoingia kwenye mboni hiyo, ndiyo maana nyota ambazo hukujua kama zipo hujitokeza. Kipenyo kikiwa maradufu, nuru huwa mara nne.

Darubini ya lenzi ni bomba jembamba unalochungulia kwa nyuma. Haihitaji matunzo mengi, na ya milimita 70 au 80 inatosha kwa Mwezi, sayari angavu na nyota pacha. Darubini ya vioo, ambayo Isaac Newton aliunda ya kwanza kufanya kazi mwaka 1668, ina kioo kilichobonyea kwenye kitako cha bomba, na kioo kidogo bapa kinachopeleka nuru pembeni, karibu na mdomo wa bomba. Hapo pembeni ndipo unapochungulia. Kwa fedha ileile, ya vioo itakupa kipenyo kikubwa zaidi.

Baada ya kipenyo, tazama stendi. Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Ukiikuza picha mara 100, mtetemo nao umeukuza mara 100, na stendi dhaifu huifanya darubini nzuri isifae kitu. Ijaribu hivi: elekeza kwenye kitu cha mbali, chungulia, kisha gonga bomba kwa kidole. Picha ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, stendi ni imara. Ikiendelea kucheza kwa sekunde tano au sita, iache.

Nikiulizwa nichague moja, nachagua darubini ya vioo ya milimita 130 hadi 200 juu ya stendi ya Dobson. John Dobson (1915–2014) ndiye aliyeieneza stendi hii alipokuwa akiweka darubini kando ya barabara mjini San Francisco ili wapita njia watazame. Ni sanduku la mbao linalokaa chini. Bomba linazungushwa kushoto na kulia, linainuliwa na kushushwa, basi. Haina miguu mirefu ya kutikisika. Udhaifu wake ni uzito: ya milimita 200 ni mzigo, na ngazi za ghorofa zitakukatisha tamaa. Kabla ya kulipa, jiulize kama utaweza kuitoa nje peke yako usiku wa siku ya kazi ukiwa umechoka. Kama jibu ni hapana, chukua ndogo.

Ipo pia stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake mmoja unapaswa kuelekezwa kwenye ncha ya anga ili ufuate mzunguko wa Dunia. Ni nzuri kwa kupiga picha. Kwa anayeanza kutazama tu, huongeza kazi bila kuongeza raha.

Sanduku limeandikwa "hukuza zaidi ya mara 500". Ni kweli?

Kihesabu inawezekana, lakini picha utakayopata ni ukungu mtupu. Kikomo chenye manufaa ni takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita: darubini ya milimita 70 inafika mara 140, ya milimita 130 inafika mara 260. Hata hapo angahewa ndiyo huamua, na usiku mwingi huwezi kuvuka mara 200 kwa chombo chochote. Darubini ndogo inayonadiwa kwa ukuzaji badala ya kipenyo usiinunue.

Namba zilizo kwenye bomba na kwenye lenzi za jicho zina maana gani?

Kwenye bomba utaona kipenyo na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi pale nuru inapokutana kufanya picha, vyote kwa milimita, mathalani 70 na 700. Lenzi ya jicho, ile ndogo unayoichomeka pale unapochungulia, ina namba yake pia: 25, 10, na kadhalika. Gawa urefu wa fokasi wa darubini kwa namba ya lenzi ya jicho. 700 kwa 25 ni mara 28. 700 kwa 10 ni mara 70. Kwa hiyo lenzi yenye namba kubwa ndiyo inayokuza kidogo, jambo linalowachanganya wengi.

Lenzi ya Barlow hukaa kati na kuzidisha ukuzaji, kwa kawaida mara mbili. Iache sandukuni mwezi wa kwanza. Lenzi ya 4 inayokuja na baadhi ya darubini za bei nafuu nayo iache: kwa mfano wetu ingekuza mara 175, na tumeshaona kikomo cha chombo hicho ni 140.

Nimeiunganisha. Nifanye nini kabla ya giza kuingia?

Oanisha darubini ndogo ya kutafutia, ile iliyofungwa juu ya bomba ili ikusaidie kulenga, na darubini yenyewe. Hii ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote, na ndiyo sababu kubwa ya watu kukaa saa nzima nje bila kuona kitu.

Wakati wa mchana chagua kitu kisichosogea kilicho mbali, angalau mita mia kadhaa: ncha ya mlingoti, pembe ya paa, kilele cha mti. Kiwe upande ambao Jua halipo. Weka lenzi yenye namba kubwa zaidi, sogeza bomba hadi kitu hicho kiwe katikati kabisa, kisha kaza. Sasa chungulia kwenye ile ndogo ya kutafutia. Utakuta inaelekea pengine. Zungusha skrubu zake, kidogo huku na kidogo kule, hadi msalaba au kitone chake chekundu kikae juu ya ncha ileile. Rudi kwenye darubini kubwa uhakikishe haijasogea. Badilisha uweke lenzi ya 10 na urudie kwa usahihi zaidi. Ni kazi ya dakika kumi. Usiku utaweka kitone juu ya nyota, na nyota itakuwa ndani.

Ninachungulia na kuona giza tupu. Tatizo ni nini?

Pitia haya kwa mfuatano. Kifuniko cha mbele kimeondolewa chote, au umefungua kile kitundu kidogo tu kilicho juu yake? Umetumia lenzi yenye namba kubwa? Darubini ya kutafutia imeoanishwa? Kisha zungusha kifundo cha fokasi polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Nyota iliyo nje ya fokasi hutanuka na kufifia mpaka isionekane, na wengi huacha kuzungusha kabla ya kufika.

Ukiona duara kubwa la mwanga lenye kivuli cheusi katikati, hujavumbua sayari. Hiyo ni nyota iliyo nje ya fokasi kwenye darubini ya vioo, na kivuli ni cha kile kioo kidogo. Endelea kuzungusha hadi duara lisinyae na kuwa nukta.

Usiku wa kwanza nitazame nini?

Mwezi. Hakuna kitu kingine angani kinachokupa mengi hivyo kwa darubini ndogo, hata ukiwa katikati ya taa za mji.

Usingoje uwe mpevu. Ukiwa mpevu, Jua huumulika kutoka mbele, vivuli hutoweka na uso wake huonekana bapa. Wakati mzuri ni kuanzia siku chache baada ya kuandama hadi siku mbili tatu baada ya nusu ya kwanza. Elekeza kwenye mstari unaotenganisha upande wenye nuru na upande wa giza. Hapo Jua ndilo linachomoza, na kila ukingo na kila kilima hutupa kivuli kirefu.

Siku moja au mbili baada ya nusu ya kwanza, tafuta kreta (shimo kubwa la mviringo) ya Copernicus. Ina upana wa takriban kilomita 93. Kwa mara 70 utaona kuta zake zimeshuka ngazi kwa ngazi kuelekea ndani, na vilima vimesimama katikati ya sakafu. Kisha vuka mstari uingie upande wa giza na utafute kitone cha nuru kilicho peke yake. Ni kilele cha mlima kilichopata Jua huku bonde lililo chini yake bado ni usiku. Acha, katazame kingine, urudi baada ya saa moja au mbili: kitone kimekua, pengine kimeungana na nchi yenye nuru. Umeshuhudia alfajiri ya Mwezini kwa jicho lako mwenyewe. Mtu akiniambia Mwezi unachosha, namwomba afanye hivi mara moja tu.

Mwezi mpevu nao una jambo lake: miale myeupe inayotawanyika kutoka kreta ya Tycho, kusini, ikivuka sehemu kubwa ya uso. Mng'ao ukikuzidi, usiogope, haudhuru jicho. Ongeza ukuzaji au washa taa iliyo karibu nawe.

Nitaona bendera na vyombo vilivyoachwa Mwezini?

Hapana. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa. Darubini ya milimita 200, hewa ikiwa tulivu kabisa, hutofautisha vitu vyenye ukubwa wa takriban kilomita moja. Vyombo vilivyoachwa ni vya mita chache. Unaweza, hata hivyo, kutazama uwanda wa Bahari ya Utulivu, ambako Apollo 11 ilitua Julai 1969.

Na sayari?

Mshtarii ndiyo inayolipa zaidi kwa kurudiwa. Kwa mara 30 utaona kiduara kidogo na miezi minne iliyojipanga karibu mstari mmoja: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alianza kuiona Januari 1610, na alipoona inabadilisha nafasi usiku kwa usiku alijua inaizunguka Mshtarii wala si Dunia. Rudia alichofanya. Chora nafasi zake kila usiku kwa wiki moja kwenye karatasi. Io humaliza mzunguko kwa saa 42 hivi, Callisto kwa karibu siku 17, na mchoro wako utaonyesha tofauti hiyo. Wakati mwingine utahesabu mitatu tu, kwa sababu mmoja uko mbele au nyuma ya sayari. Kwa mara 80 na kuendelea, mikanda miwili ya rangi ya kahawia itajitokeza juu ya kiduara.

Zohali ni ndogo kuliko watu wanavyoitarajia, na bado huwafanya wapige kelele. Mara 40 au 50 inatosha kuiona pete. Mwelekeo wake hubadilika katika mzunguko wa takriban miaka 29: mwaka 2025 pete ilitukabili kwa ubavu ikawa uzi mwembamba, na sasa inazidi kufunguka hadi kuwa pana kabisa miaka ya karibu na 2032. Galileo aliiona ikitoweka mwaka 1612 akashindwa kuielewa. Ni Christiaan Huygens aliyeeleza mwaka 1659 kwamba ni pete isiyoigusa sayari popote.

Zuhura haina cha kuonyesha juu ya uso wake, ila ina umbo: huwa nusu na huwa hilali kama Mwezi. Mirihi hutaka subira. Inatukaribia kila miezi 26 hivi. Nje ya majuma hayo ni kitone chekundu tu.

Kwa nini picha imepinduka, na kwa nini inakimbia?

Imepinduka kwa sababu ya njia ya nuru ndani ya darubini. Angani hakuna juu wala chini, kwa hiyo izoee. Inakimbia kwa sababu Dunia inazunguka, nyuzi 15 kila saa. Kwa mara 100 kitu huvuka uwanja mzima kwa dakika mbili hivi. Kiweke pembeni, upande kinakotokea, kiache kipite chenyewe, bomba limetulia.

Nimeipata nebula, lakini ni kijivu. Rangi za kwenye picha ziko wapi?

Kamera hukusanya nuru kwa dakika na saa. Jicho haliwezi. Tena seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi. Ni vizuri kulijua hili mapema, kwa sababu kuvunjika moyo hapa ndiko kunakorudisha darubini nyingi kabatini.

Kuona vitu hafifu ni ujuzi, na una mbinu zake. Kaa gizani dakika 20 hadi 30 kabla ya kutazama. Skrini ya simu ukiitazama mara moja tu, unaanza upya. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu hafifu. Kisha usikikodolee macho kitu chenyewe: tazama kando yake kidogo. Seli zinazoona gizani zimejaa pembezoni mwa jicho, hazipo katikati, kwa hiyo kitu kinachotoweka ukikitazama moja kwa moja hurudi ukitazama pembeni. Na ukae nacho. Nebula ya Jabari, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kwa sekunde tano za kwanza ni wingu. Baada ya dakika tano unaona nyota nne ndogo zilizobanana katikati yake, pengo jeusi linaloingia ubavuni, na mabawa mawili yanayopinda pande zote.

Baada ya hapo kuna orodha ya vitu 110 inayobeba jina la Charles Messier, Mfaransa aliyekuwa akitafuta vimondo vyenye mkia katika karne ya 18 na kuandika kila kilichofanana navyo ili kisimpotoshe. Galaksi ya Andromeda imo, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Walio kusini wana hazina ambazo Messier hakuweza kuziona kutoka Paris: Mawingu ya Magellan, na Omega Centauri, fundo lenye nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10.

Ninaishi mjini penye taa nyingi. Nisijisumbue?

Jisumbue. Mwezi, sayari na nyota pacha hazijali taa za mji. Rijili Kantori (Alpha Centauri), nyota angavu ya anga la kusini, kwa mfano, hugawanyika nyota mbili za dhahabu katika darubini ndogo. Galaksi na nebula ndizo zinazopotea. Hizo zisubiri safari ya kwenda gizani.

Naweza kutazama kupitia dirisha?

Dirisha likiwa limefungwa, hapana: kioo chake huharibu picha. Likiwa wazi, hewa ya joto inayotoka chumbani huitikisa. Toka nje, na utoe darubini nusu saa au zaidi mapema ili kioo chake kifikie joto la nje.

Je, Jua?

Usiielekeze kamwe darubini yako kwenye Jua ikiwa haina kichujio cha Jua kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kinachofunika mdomo wote wa darubini kwa mbele na kufungwa kisiweze kung'oka kwa upepo. Bila hicho, jicho huungua papo hapo na haliponi, wala hutasikia maumivu ya kukuonya. Vichujio vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto. Ukikikuta sandukuni, kitupe. Funika pia darubini ya kutafutia. Chombo kisiachwe nje mchana karibu na watoto bila mtu mzima kusimama hapo.

Ukiwa na kichujio halali, madoa ya Jua ni kitu cha kufuatilia siku hadi siku. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kabisa katika ukanda unaopita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini na Rasi ya Uarabuni. Tafuta kichujio mapema kabla hakijaadimika.

Ninavaa miwani. Niivue?

Kama ni ya kuona mbali au karibu tu, ivue. Kifundo cha fokasi kitafidia. Kama ni ya astigimatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho, huenda ukahitaji kubaki nayo, hasa kwa ukuzaji mdogo.

Naweza kupiga picha kwa simu?

Ya Mwezi, ndiyo, na hutoka vizuri ajabu. Nunua kishikio kinachofunga simu kwenye lenzi ya jicho, punguza mwangaza kwa kugusa skrini, na tumia kipima muda ili kidole kisitikise. Kwa sayari rekodi video. Nebula na galaksi zinadai vifaa vingine na uvumilivu mwingine.

Vioo vya darubini vinahitaji marekebisho na usafi gani?

Katika darubini ya vioo, vioo viwili lazima vikabiliane sawasawa, na misukosuko ya kubebwa huviondoa mahali pake. Tazama nyota angavu kwa ukuzaji mkubwa, iweke katikati, kisha iondoe kwenye fokasi kidogo. Vipete vinavyotokea vikiwa na kitovu kimoja, uko sawa. Vikiegemea upande mmoja, rekebisha skrubu zilizo nyuma ya kioo kikuu, robo mzunguko kwa wakati, ukirudisha nyota katikati kila mara.

Usafi ni kinyume cha unavyodhani: fanya mara chache. Vumbi kidogo halipunguzi kitu unachoweza kukiona, lakini kitambaa kilichosugua vumbi hukwaruza moja kwa moja. Pulizia hewa kwa kipulizio cha mpira, basi. Umande ukishika lenzi usiufute. Ingiza darubini ndani, iache wazi ikauke yenyewe, na ndipo uifunike.